Émile Bertin na Dansi ya Jumamosi

Jumatatu, 6 Novemba
Kuku wa moshi ninaouza wameisha mapema, lakini moyo hautulii. Ghislaine, mwalimu wa historia, anaandaa sherehe ya Jumamosi ukumbini kwetu: kwanza gemu ya manowari kwenye skrini kubwa, halafu muziki. Mchezaji bora atafungua dansi pamoja naye. Pamoja naye! Siku zote namwekea paja nono, naye hushukuru tu na kwenda zake. Tatizo ni Fulbert wa duka la dawa. Naye kajiandikisha. Mtu ananukia dawa ya kikohozi halafu anataka kucheza biguine, dansi yetu ya kukumbatiana.

Jumanne, 7 Novemba
Mpango! Émile Bertin, manowari iliyotia nanga hapa kisiwani kwetu, bandari ya Fort-de-France, mwaka 1940 na dhahabu ya Ufaransa tumboni, imo kwenye gemu. Ina mbio kuliko zote, ila ngozi yake ni karatasi. Nikampitia Fulbert nikaisifia mpaka mate yakanikauka: chuma chake hakipenyeki, asiikose. Akanasa, maskini. Mimi nachukua manowari nyingine, nene na tulivu, kama mimi.

Alhamisi, 9 Novemba
Balaa. Ghislaine katangaza kwamba kila mtu wa timu yetu, mimi na Fulbert pamoja, atatumia Émile Bertin, maana ndiyo historia yetu.
Nikageukia upendeleo. Nilimpelekea bibi yake Ghislaine, Bibi Eudoxie, kuku mzima. Amepita tisini na meno yake bado yanafanya kazi. Nikajitapa kwamba manowari yetu ilizamisha adui kumi na wanne vitani. (Ni wale niliowazamisha mimi Jumapili, nikijifua kwenye gemu.) Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema aliiona kwa macho yake akiwa mtoto: ilikaa hapo ghubani mpaka 1943, haikuzamisha hata mtumbwi. Dhahabu ililala ngomeni, huku watu wakichemsha shelisheli bila chumvi na mama yake akifulia majivu kwa kukosa sabuni.
“Ilikuja mbio, ikajificha,” akasema. “Basi. We nani kakudanganya, mwanangu?”
Nilimhurumia kweli kwa dhiki ile ya utotoni. Kisha nikapata wazo. Kukimbia na kujificha!

Jumamosi, 11 Novemba
Siku yenyewe. Wenzangu wakavamia manowari za wapinzani, mimi nikala kona. Nikajibanza nyuma ya kisiwa, injini kimya. Ukumbi mzima ukanizomea. Mmoja akauliza kama nimeenda kununua mkate. Fulbert akazamisha watatu, akalipuka kwa heshima zote. Mwishoni nikabaki peke yangu, mzima, bila hata mkwaruzo.
Refa akasoma matokeo. Fulbert wa kwanza. Mimi wa mwisho: sikuwa nimefyatua hata mzinga mmoja. Nilitamani sakafu inimeze.
Ghislaine akashika kipaza sauti, kicheko kimembana. Akasema leo ni mtu mmoja tu aliyeicheza 1940 kama ilivyokuwa. Bibi Eudoxie akapiga makofi peke yake. Lakini haki ni haki, dansi ya kwanza ni ya Fulbert. Akaicheza kama anayetafuta kidonge kilichoangukia chini ya kabati.
Halafu Ghislaine akaja moja kwa moja nilipojificha, nyuma ya sahani za bajia. Tukacheza ya pili, ya tatu, mpaka wanamuziki wakaanza kufunga vyombo. Nikakiri yote. Akaniambia sikioni kwamba muda wote huu alikuwa anasubiri nimwombe.
“Anicet, ukitaka kitu kwangu, si uje tu uniambie?”
Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Jumapili, 12 Novemba
Nimeamka naimba. Maneno yake nimeyaelewa vizuri sana.
Nataka kumwalika tukale samaki ufukweni Le Carbet. Basi, kesho nampelekea Fulbert kuku na kumshawishi amwalike Ghislaine kabla yangu. Ghislaine atakataa. Hapo hapo mimi natokea, kana kwamba napita tu, nimevaa shati jeupe. Haiwezi kushindikana.