Kompyuta ya Kusikilizia Vipimo

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta ya zamani imekufa. Fundi wa spea ameifungua, akainusa, akaifunga. Kilichopona ni diski peke yake. Nimeivisha soksi na kuilaza kwenye droo ya cherehani.

Ndani ya diski mna sauti ya mke wangu. Alikuwa mshonaji. Alipompima mteja mikono yote ilikuwa na kazi, basi vipimo alivisema tu, kompyuta ikavirekodi. Kifua, bega, kiuno. Tangu tumzike sijaisikia sauti hiyo. Nakala nyingine hakuna.

Shemeji, kaka yake, kasema niipeleke diski kwake, ana kompyuta nzima, tutasikia leo leo. Nikamwambia ahsante, naunda yangu. Akauliza kwa elimu ipi. Yeye alikuwa naye utoto mzima. Asinitangulie na kwa hili.

Jumanne, 5 Machi

Mpango ni huu: vifaa vya bei nafuu, kimoja kimoja, kwa akili. Nimeanza na kasha. La bei ya chini lilikuwa jeusi, limenuna kama friji iliyofiwa. Nimechukua lenye ubavu wa kioo na taa za rangi. Mke wangu alipenda mwanga mahali pa kazi. Limekula karibu bajeti yote. Vilivyobaki itabidi viwe vinyenyekevu.

Jumatano, 6 Machi

Fundi ana prosesa, ubongo wa kompyuta, zilizotumika, kajaza kopo la biskuti. Kanionya kwamba prosesa na bodi inayoibeba lazima ziwe za ukoo mmoja. Maneno ya biashara. Nilikuwa na utepe wa kupimia wa mke wangu mfukoni. Nikapima nafasi kwenye bodi niliyochagua, nikapima prosesa moja moja, mpaka nikapata iliyolingana kabisa. Tena ndiyo rahisi kuliko zote. Fundi akauliza kama naitaka ya mikono mirefu au mifupi.

Alhamisi, 7 Machi

Haikuingia. Nikadhani inabana kama nguo mpya, nikaisaidia kwa kidole gumba. Vijipini vyake vyote vimelala.

Fundi kasema habadilishi maiti. Kaniuzia nyingine, ya ukoo unaotakiwa, na hapo pesa ya pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme, ikawa imekwenda. Nimechukua ya chini kabisa. Haina hata jina. Fundi kaipima kwa kiganja, kasema nyepesi mno, hii itaunguza chochote itakachokilisha. Nimeipima kwa utepe. Imeenea barabara.

Jumamosi, 9 Machi

Nimewasha bila diski, kwa kujaribu. Taa za rangi ziliwaka zote. Nilisimama kuziangalia. Kisha harufu, kisha moshi, nao ukaonekana vizuri sana kupitia kioo. Bodi imeungua, prosesa imeungua.

Shemeji alikuwa mlangoni, amekuja kunijulia hali. Kasema angalau kioo kimefanya kazi yake. Halafu akaiona soksi kwenye droo ya cherehani iliyokuwa wazi. Akauliza, shemeji, na hiyo je, ingekuwa humo ndani?

Jumapili, 10 Machi

Nimekubali kwenda kwake. Diski ikafunguka mara moja. Rekodi ya mwisho aliipa jina "suti ya mume".

Sauti yenyewe. Imechoka kidogo, ana pini mdomoni. Alisema kiuno inchi arobaini. Mwenyewe atadai thelathini na nane, maana amevuta tumbo, anadhani simwoni.

Shemeji alicheka, akatoka nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akaomba anakili, ibaki kwake na kwangu. Nikasema itanakiliwa kwangu, kwenye mashine yangu, nitamletea. Akanishika bega, akasema shemeji, nakuomba, ni dada yangu huyu. Nikairudisha diski ndani ya soksi.

Jumatatu, 11 Machi

Saa yangu ya mkononi imegeuka bodi na prosesa, za ukoo mmoja safari hii. Pawa saplai nimepata ileile ya bei nafuu, ila hii ni ya bluu. Fundi hakunitazama usoni. Kasema tu, mzee, usiunganishe diski kwanza.

Mbona juzi niliwasha bila diski na ndipo ikaungua? Leo nimeiunganisha.

Kasha liko juu ya meza ya mke wangu, kando ya cherehani. Nimepima kila kitu mara mbili, vyote vimeenea. Nimevaa ile suti. Nimekaa wima, nimevuta tumbo. Nabonyeza.