Risasi Zinazotaka Kuitwa Mara Mbili

Bawshar, Jumapili asubuhi

Kwa Katibu wa Kamati ya Michezo ya Familia,
Bwana Ghanim,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wewe Katibu, si wewe mtoto wa dada yangu. Huyo wa pili ningempigia simu nikamgombeza, yakaisha. Nimesoma kwenye kundi la WhatsApp kwamba kazi ya kuanzisha mbio, niliyoifanya miaka kumi na tisa, mnataka kumpa Bi Mahfudha, eti kwa sababu Ijumaa bastola ililia mara tatu tu katika mbio tisa, na zilizobaki mkazianzisha kwa makofi. Nimeumia, Ghanim. Wallahi nimeumia. Basi naomba malalamiko yangu yasomwe mbele ya kamati, kwa sauti, na mtu aliyekwisha kula.

Kwanza niliseme hili ili lisinifuate. Ni kweli mwezi uliopita niliipeleka bastola kwa fundi mmoja mtaa wa Ghala, akatoa springi ya nyundo akatia nyingine nyepesi, ili triga iwe laini. Jambo hili halihusiani kabisa na yanayofuata, na naomba lisitajwe tena.

1. Risasi zenyewe. Hizi risasi baridi, za mlio mtupu, mwaka huu zina uvivu. Nyundo inagonga, ta, kisha kimya. Baada ya michezo Bi Mahfudha, kwa kuwa alikuwa askari polisi miaka ishirini na sita, alivaa miwani akazikagua moja moja. Akasema zilizolia zina shimo la haja kwenye fataki ya kitakoni, na zilizogoma zina alama ndogo tu, kama ya ukucha. Eti nyundo haina nguvu. Mie naona zina ngozi ngumu.

2. Kisha akazirudisha zile sita zilizogoma, nikapiga tena, nne zikalia! Hebu niambie, risasi mbovu italiaje? Hizi zinataka kuitwa mara mbili tu, kama wewe ulivyokuwa ukiamshwa kwenda skuli. Hatukukufukuza nyumbani kwa hilo.

3. Akaleta boksi jipya, la kampuni nyingine kabisa. Nalo likafanya yale yale. Haya, si risasi, nakubali. Basi ni unyevu wa hewa. Mlinijibu kwamba ni Januari na watu wamevaa sweta. Unyevu hautazami kalenda.

4. Wakimbiaji nao wana lawama yao. Loay, katika mbio za akina baba, aliinama kusubiri mlio mpaka mgongo ukamkaza, Shatha mkewe akamkokota hadi kwenye gari. Nani alimwambia asubiri? Mtu msikivu angeondoka aliposikia ta. Napendekeza kanuni mpya: mbio zianze kwa ta, na mlio, ukija, uhesabiwe kuwa ni pongezi.

5. Ili ta isikike, gari la aiskrimu lizimwe, barabara ya nyuma ya uwanja ifungwe, na akina mama wasizungumze kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi. Kifungu hiki nimemwonesha mke wangu Jawaher. Alicheka mpaka akakaa chini, na mpaka sasa nnapoandika bado namsikia jikoni.

6. Mkiniondoa, mwakani nitabaki nyumbani, na sambusa za Jawaher zitabaki na mie. Hilo mlifikirie kwa utulivu.

Nisalimie mama yako, na Shatha, na Loay pamoja na mgongo wake. Bi Mahfudha msalimie pia, lakini kwa kifupi.

Nami bado nimesimama mstarini,
Marhoon bin Hamood
Mwanzisha Mbio

Nyongeza. Hii nakuandikia wewe mtoto wa dada yangu. Kabla sijaitia barua kwenye bahasha, Bi Mahfudha amekuja. Jawaher ndiye aliyemwita, akampa springi ya zamani, kumbe kaihifadhi kwenye kopo lake la sindano. Bi Mahfudha akairudisha palepale mezani, tukaenda uwanjani, akapiga sita, zikalia sita. Kisha akanipa mie. Nikavuta. Nikavuta kwa vidole viwili. Ghanim, triga haikwenda. Ndiyo sababu ya kwenda Ghala. Tangu mwaka juzi kidole hiki hakina nguvu, hata kifungo cha kanzu ananifunga Jawaher, na sikutaka mjue. Mficha maradhi kifo humuumbua. Bi Mahfudha alinipokea bastola tu akatazama pembeni. Basi ichane barua yote hiyo, bastola mpeni yeye, na sambusa zitakuja. Ila ile kelele ya "Tayari!" kabla ya mlio, naomba mniachie mie. Hiyo haitaki kidole.

Mjomba wako.