Ndege ya Bukoba: Puuza Ujumbe Uliotangulia

Jumatatu, 8 Juni

Ninakufa. Si leo, lakini si mbali. Daktari amesema moyo umechoka: nisipande ngazi, nisibebe kitu, nisikasirike. Sijui mtu anaishije na watoto wake bila kukasirika. Basi naandika ukweli wa wiki hii kabla sijazimika, ili siku ya mazishi asisimame mtu kusema marehemu Mwalimu Silvanus alikuwa mnyofu. Hakuwa.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yangu Marselina, aliyenilea mgongoni, yuko Bukoba na anasahau. Alianza na majina ya wajukuu. Mwezi uliopita nilipompigia simu aliniita kwa jina la kaka yetu aliyefariki zamani, kisha akacheka, akasema samahani Silvanus, njoo upesi unione ningali nakujua. Nikalia. Halafu nikakata tiketi ya ndege ya Alhamisi. Kwa siri! Sada wa duka la wakala hapa Sofu alinibonyezea simu. Nikamwomba asimwambie mtu. Akaapa kwa mama yake.

Jioni mwanangu Tito akarudi kutoka kazini Dar. Hajavua hata viatu, anauliza tiketi ya Bukoba ni ya nini. Sada! Akasema baba, redio husikii? Homa imezuka ng'ambo ya mpaka, safari za ndege zimevurugika, abiria wanapimwa kama ng'ombe wa mnada, na wewe ndiyo unapeleka moyo wako huko? Nikasema homa iko nchi nyingine, mimi nimefundisha jiografia, najua mpaka uko wapi. Akasema homa haijasoma jiografia. Safari hakuna.

Baada ya chakula simu ikalia. Ujumbe wa shirika la ndege: safari ya Alhamisi imesogezwa kutoka asubuhi hadi alasiri. Sawa. Ukaja wa pili: safari imeahirishwa hadi mtakapotangaziwa. Ukaja wa tatu: puuza ujumbe uliotangulia. Uliotangulia upi? Zote mbili zimetangulia! Nikausoma kwa miwani, nikausoma bila miwani. Tito akausoma ule wa pili tu, akafurahi, akasema Mungu ameamua. Akatoka uani kupiga simu kwa kunong'ona. Sikujali. Nilikuwa nawaza.

Jumanne, 9 Juni

Jumuiya wamekuja kuniombea. Wamesimama nje ya geti! Mama Stellamaris, mwenyekiti wetu, amefunga kitambaa puani kama anapulizia mikorosho dawa. Anapaza sauti, pole Mwalimu, tumesikia kwenu kuna homa. Nikajibu kutoka barazani kwamba kwetu sijakanyaga tangu mjukuu wangu wa kwanza abatizwe. Akasema hata hivyo, tahadhari. Wakasali haraka haraka wakaondoka. Mkungu wa ndizi walioniletea wakauegemeza ukutani, wakaunawia mikono.

Ujumbe mpya: ndege itaruka Alhamisi saa tisa. Unaofuata: abiria wa Bukoba watateremshwa Mwanza. Unaofuata: abiria wa Mwanza wapuuze ujumbe huu. Mimi ni abiria wa Bukoba ninayeteremshwa Mwanza. Nipuuze au nisipuuze? Nimeamua kupuuza nusu.

Mpango umekuja wakati nanyoa ndevu. Mpango safi! Nikamwambia mkwe wangu Hamisa, mke wa Tito, kwamba kifua kinabana, natamani hewa ya vilima, ningefurahi kupumzika kwa wazazi wake Kisarawe. Akaguswa sana. Mtoto mwema, amelelewa. Hakujua kwamba ukitoka Kisarawe kushuka mjini, kiwanja cha ndege hukikwepi. Haya ndiyo matunda ya jiografia.

Tito naye akakubali mara moja. Akasema vizuri sana baba, kaa huko hadi Ijumaa. Hata akanipangia begi. Nilishangaa kidogo, kisha nikajisifu.

Jumatano, 10 Juni

Kisarawe. Mkwe mwenzangu Mzee Shomari, baba yake Hamisa, amenipokea kwa kiwiko kwa sababu ya homa. Ametangulia kuniambia kwamba yeye ni mgonjwa kuliko mimi. Mimi moyo, yeye moyo na mgongo. Mimi vidonge vya asubuhi, yeye vya asubuhi na jioni. Nikamwonyesha miguu iliyovimba. Akakunja suruali, akanionyesha goti. Ni goti baya kweli. Nikakohoa kwa nguvu ili nisionekane nimeshindwa.

Kosa! Mkewe, Bi Mwanamkuu, akasikia kikohozi. Akasema hiki si cha kulala nacho. Akachuma mchaichai, majani ya mwarobaini, ya mpera na ya mlimau, akachemsha sufuria ya shughuli, akanifunika blanketi hadi chini. Nikafukizwa. Nilidhani ndiyo nafariki. Nilipotoka humo kifua kilikuwa chepesi kama cha kijana! Hapo nikaona mbali. Kiwanjani anayekohoa anarudishwa. Kwa hiyo kesho nijifukize tena, dakika ya mwisho, niondoke nikiwa safi.

Usiku Shomari akaona viatu vyangu vya ngozi kwenye begi. Akauliza, Mwalimu, hewa ya vilima inavaliwa viatu vya misa? Nikasema uongo wa kwanza, hakuuamini. Nikasema wa pili, akacheka. Nikamwambia ukweli kuhusu Marselina, akafuta macho kwa kofia yake. Kisha akasema hatampigia simu Tito, kwa sharti moja: anisindikize. Si heshima mkwe kwenda peke yake, akafie njiani, Hamisa atamlaumu. Huyu anataka kuona ndege tu! Miaka yote anasema alishapanda moja kwenda Unguja. Nilipomuuliza alikaa upande gani, akasema juu.

Alhamisi, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumejifukiza kabla tu ya Ashrafu kuja na teksi yake. Shomari akasema na yeye anaingia, maana atakuwa kwenye mkusanyiko. Blanketi moja, sufuria moja, wazee wawili. Akasema wa kwanza kutoka ni mwanamke. Hakutoka mtu! Bi Mwanamkuu alifunua mwenyewe, akauliza kama tunataka kuzikwa wawili siku moja awapikie watu mara moja. Tukavaa sweta na makoti tusipigwe na upepo, tukavaa barakoa, tukafunga vioo. Ashrafu alitutazama kwenye kioo chake akaomba walau afungue cha kwake. Tukamkatalia.

Mlangoni mwa kiwanja kuna hema jeupe na binti wa afya, jina lake Nuria limeandikwa kifuani. Anasema shikamoo babu, marahaba, ananielekezea kipimo kwenye paji la uso. Kikapiga kelele. Akakitikisa. Akapima tena. Nyuzi thelathini na tisa. Shomari akanisukuma kando, akasema mpime mtu mzima sasa. Thelathini na tisa na ushei! Akanigeukia kwa ushindi.

Mimi nimefundisha maji yanavyochemka. Nimechora mishale ya joto ubaoni, kizazi baada ya kizazi. Sikukumbuka mshale hata mmoja.

Nuria akarudi nyuma, akavaa glovu za pili. Akauliza kwetu wapi. Nikasema Bukoba. Akauliza nimetoka lini. Nikasema moyoni sijatoka. Akauliza kama tumekaa karibu na mgonjwa yeyote siku hizi. Nilitaka kusema hapana, Shomari akawahi: binti yangu, nimelala naye nyumba moja, huyu hapa, mgonjwa miaka kumi, na leo tumeshiriki blanketi.

Tukawekwa hemani. Viti viwili, mbalimbali. Kamba ya rangi mbele yetu. Abiria wakipita wanashikilia pua na masanduku yao. Mama mmoja akatupiga picha. Nikamwambia Shomari amenipotezea dada. Akasema nisimpandishie sauti, yeye ndiye mwenye homa kubwa. Nikamwambia hata ndege hajawahi kupanda. Akasema kwani mimi leo nimepanda?

Simu ikalia. Ujumbe: ndege iko kwa wakati. Siku zote hizi, halafu leo ndiyo iko kwa wakati! Nikamsihi Nuria. Nikaapa ni mchaichai tu. Akasema babu, utaratibu, mpumzike, tutapima tena mkitulia, na daktari awaone. Hakuwa mkali. Alinipa maji. Ningependa awe mkali.

Ndege ikatua. Wakaanza kutoka abiria wa kutoka Bukoba, wanapimwa mmoja mmoja upande wa pili wa kamba. Kiti cha magurudumu. Bibi kizee ndani ya kitenge cha zambarau, mkoba mapajani. Nyuma yake mpwa wangu Godbless amebeba ndoo ya senene, panzi wetu wa kukaanga. Na kijana aliyekuja kuwapokea, anayesukuma kiti, ni Tito. Tito wangu! Kumbe hizo ndizo simu za uani. Alikuwa akimleta Marselina kwangu, nimkute sebuleni Ijumaa nitakaporudi.

Tito akamwona Shomari kwanza. Mtoto wa adabu, akasema shikamoo baba, akapita. Hatua mbili. Akasimama. Akageuka taratibu, akaniona mimi. Nimemzaa, namfahamu, alikuwa anahesabu.

Mimi sikumjali. Nikasimama kwenye kamba nikaita dada! Marselina akatazama hema, barakoa, makoti. Akainua mkono kama askofu. Akasema poleni wagonjwa, Mungu awaponye. Wakampitisha.

Ni barakoa tu. Nani angenijua na barakoa?

Kabla ya magharibi tulikuwa tumepoa, wote wawili tumepimwa na kupimwa. Daktari alimpigia simu Bi Mwanamkuu. Sijui alimwambia nini, maana daktari aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Ndege ilikwisha kuruka kurudi Bukoba na kiti changu kitupu. Shomari aliomba tusubiri aione ikipaa. Tuliiona. Ni nzuri.

Ijumaa, 12 Juni

Nyumbani, Sofu. Tito hasemi na mimi. Anasema na ukuta, mimi nikiwepo. Kwamba kuna wazee wengine wana akili. Kwamba kuna watu wamesoma hadi wamepitiliza. Hamisa ananiletea uji bila kunitazama, lakini nadhani anacheka. Shomari amenipigia mara mbili kuuliza joto langu.

Nilinyoa. Nilivaa shati jeupe. Nikakaa mbele ya dada yangu bila barakoa, kwenye mwanga wa dirisha.

Alinisalimia vizuri sana. Akauliza kama mimi ndiye mwenye nyumba. Akashukuru kwa ukarimu, akasema chai ina tangawizi nzuri. Nikamwambia, Marselina, ni mimi Silvanus. Akacheka hadi akashika mbavu. Akasema baba, usinitanie, Silvanus ni mdogo wangu, ni kijana, nywele nyeusi, mwalimu. Kisha akanisimulia habari zangu. Jinsi alivyonivusha mto akaniangusha, akaninunulia andazi ili nisiseme. Sikusema. Mama hakujua kamwe. Akaniambia mdogo wake huyo hajawahi kusema uongo maishani mwake.

Nilikuwa na maungamo mdomoni. Nikayameza na chai.

Akainama karibu, kwa siri. Akasema watu hawa ni wema lakini wamemleta huku bila kumuuliza, na kwake kuna mgeni. Mdogo wake anakuja na ndege kumwona. Amepiga simu mwenyewe. Atafika, atakuta mlango umefungwa, atadhani dada amemkimbia.

Nilitoka nikaenda kukaa chooni muda mrefu. Tito akagonga kuuliza kama ni moyo. Nikasema ndiyo. Huo haukuwa uongo.

Jumapili, 14 Juni

Misa ya kwanza. Amani tunapeana kwa kupungiana mikono. Mama Stellamaris alinipungia kutoka benchi la mwisho.

Marselina hajala vizuri. Tangu alfajiri amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kitenge cha zambarau, mkoba mapajani, anauliza kila apitaye kama ndege imetangazwa. Godbless amemwambia mama kaa utulie, homa iishe. Tito amemwambia hapa ndipo nyumbani. Hamisa alimwonyesha picha yangu ya ujana iliyoko ukutani, akafurahi, akasema huyo huyo! Sasa anataka kuondoka zaidi.

Daktari alisema nisibebe kitu. Tito amesema, safari hii akinitazama usoni, baba, nakuomba, umekwisha kutuadhiri, umekwisha kulazwa hemani, dada yako umemwona, basi inatosha. Akaninyooshea mkono, nikaushika. Nikaahidi. Alikuwa na machozi. Mtoto mwema, sijui amerithi kwa nani.

Mchana wote walipolala, nikavuta kiti karibu na mlango, nikamwambia Marselina kwamba mdogo wake namfahamu. Tulifundisha shule moja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza kama bado anapenda senene wa kukaanga wakavu. Nikasema anapenda. Akauliza kama ni mzima. Nikasema anahangaika kidogo.

Ujumbe umefika: safari za Bukoba zitarejea Jumatano. Mwingine umefika: huenda zisirejee. Nimeufuta huo wa pili. Nimekata viti viwili, vya dirishani, vinavyofuatana mbele na nyuma. Tito nitamwambia nampeleka dada Soga akatazame treni ya umeme, tutarudi kabla ya chakula cha jioni. Hata Tito hawezi kukataa treni.

Wasiwasi wa Marselina ni mmoja tu, kwamba mdogo wake atatutangulia. Nimemwambia ondoa shaka, tutafika pamoja, yeye afungue mlango tu. Amecheka. Ameanza kula.