Wali Mweusi na Kipaza Sauti

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata mpango! Niuandike haraka kabla haujaniponyoka.

Hali ni hii. Shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ya mke wangu, anaolewa mwezi ujao. Baba yao hayupo tena duniani, kwa hiyo mmoja wetu tuliooa kwao atashika kipaza sauti na kusema kwa niaba ya familia. Tuko wawili. Mimi, fundi rangi kwa miaka ishirini na miwili sasa, niliyepaka nusu ya kuta za mtaa huu. Na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, tunayemwita Meneja kwa sababu ni meneja na hachoki kutukumbusha. Hotuba yangu iko tayari tangu mwaka juzi, shemeji akiwa hana hata mchumba. Kurasa kumi na nne, mbele na nyuma. Inachekesha, inaliza, halafu inachekesha tena.

Mwamuzi ni mama mkwe. Jumapili wanakuja wote kula kwetu, na hapo atatamka. Shida ni kwamba Meneja humwita "mwanangu". Mimi huniita "fundi". Miaka kumi na mmoja ya ndoa, fundi!

Sasa mpango. Mama anapenda wali kuliko kitu chochote, na daktari kamwambia aache ule mweupe. Miezi mitatu anatafuna mboga za kuchemsha na kununa. Leo dukani nimeona pakiti za mchele mweusi. Mweusi tititi! Nimenunua nne. Mke wangu kampigia simu nesi wa mama, nesi kasema sahani moja ya huo haina neno. Nikatangaza kwamba nitapika mimi. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, akauliza mimi yupi. Kisha akauliza kama nimesoma maelezo kwenye pakiti. Nimemjibu kwamba wali ni suala la macho, na macho ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 10 Juni

Nimetapeliwa!

Nimerudi kazini mapema nifanye majaribio. Mchele huoshwa mpaka maji yawe safi, hilo hata mtoto anajua. Nikaosha. Maji ya zambarau. Nikamwaga, nikaosha tena. Zambarau. Mara ya tano, zambarau. Mara ya tisa mikono yangu imekuwa ya zambarau, sinki la zambarau, na mchele bado unatoa tu. Nikajua. Huu mchele umepakwa rangi! Tena umepakwa mara moja tu, mkono mmoja, bila rangi ya msingi. Kazi ya kulipua.

Nikaenda dukani na jagi la ushahidi. Nikaliweka juu ya kaunta mbele ya wateja na kumweleza muuza duka kwamba amemchokoza mtu asiye saizi yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wa kuudhi. Akasema mchele mweusi ndivyo ulivyo, hata ukiuosha mpaka Krismasi. Akaniuliza kama nimesoma pakiti. Watu wakacheka. Nilitaka ardhi ipasuke.

Lakini mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alilitazama jagi sana. Akauliza kama rangi hiyo inapatikana ya geti. Nikamwambia inapatikana. Naanza Alhamisi! Kumbe siku haikuwa mbaya.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la pili. Maji, chumvi, mafuta kidogo, moto mkubwa. Wali mweupe mimi naujua kwa macho: ukivimba na kung'aa, umeiva. Nikasimama juu ya sufuria na kutazama. Mweusi. Dakika kumi, mweusi. Dakika kumi na tano, mweusi vilevile. Mbichi mweusi, ulioiva mweusi! Mtu atajuaje?

Nikaonja. Ni kama kutafuna shanga.

Nikaongeza maji, nikaanza kukoroga. Rangi usipoikoroga hutuama chini, na sioni kwa nini wali uwe tofauti. Nimekoroga kwa mwiko, kulia na kushoto, mpaka bega likauma. Matokeo: nje gundi, ndani shanga. Mke wangu alirudi kutoka shuleni akaona mwiko umesimama wenyewe katikati ya sufuria. Akachukua pakiti, akavaa miwani, akanisomea kwa sauti ya darasani: uloweke tangu jana yake, kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji, uchemke, kisha moto mdogo, mfuniko juu, dakika thelathini na tano, uzime, uache dakika kumi. Usifunue. Usikoroge.

Nimemwambia aliyeandika pakiti hakuwahi kushika mwiko. Tumekula mkate.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nilikubali moto mdogo. Sikukubali kuloweka, maana mtu ana msimamo wake. Dakika thelathini na tano nazo nilizipuuza. Wali unaotaka kuungua hukupa taarifa: pembeni unaanza kuwa wa kahawia, nawe unawahi. Nikakaa na kiti changu mbele ya jiko, nikingoja kahawia.

Kahawia haikuja. Waliokuja ni majirani. Wa kushoto alikuja na ndoo ya maji, wa kulia na blanketi lililoloweshwa. Wakauliza kinachoungua ni nini. Nikawaambia hakuna, nyie vipi, mbona wali uko vizuri tu, rangi yake ni ileile. Wakanitazama kwa huruma. Miaka ishirini na miwili ya kunusa rangi imeniua pua, siku nyingine siwezi kutofautisha marashi na mafuta ya taa. Jirani wa kushoto alifunua sufuria akakwangua ukoko mzito kama ubao wa dari. Sufuria hiyo ilikuwa zawadi ya harusi yetu. Mke wangu kaiweka nje kwenye baraza, ipumzike kwa amani.

Kana kwamba hiyo haitoshi, Meneja akapiga simu. Alitaka upana wa meza yetu, maana Jumapili analeta keki ya ghorofa tatu. Akanidokeza kwamba siku hizi anakunywa asali kulinda sauti. Na kwamba hotuba yake ni ya dakika tatu. Dakika tatu! Mimi dakika tatu sijamaliza kusalimia.

Jumamosi, 14 Juni

Imebaki pakiti moja. Mke wangu ameloweka yeye mwenyewe jioni hii, katika bakuli, akaliweka juu ya kabati na kuniambia nisiliguse, nisilitikise, nisiliangalie.

Basi sikuligusa. Nimegusa maji ya kuoshea tu, yaliyobaki kwenye beseni. Wazo zuri lilinijia! Kitambaa cha meza ni cheupe, wali ni mweusi, vitapigana. Mtu wa rangi hawezi kukaa na kuangalia. Nikakichovya kitambaa chote kwenye yale maji, kipate zambarau laini ya kupendeza.

Hakikukubali sawasawa. Katikati zambarau, pembeni kijivu, sehemu fulani ni mabaka kama mtu aliyepigwa. Mke wangu alikiona kwenye kamba. Nikamwambia ndiyo mitindo. Akasema kingine hatuna na hiki hakitakauka. Halafu akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikakaa kando yake nikacheka pia, ingawa mimi sikuona kichekesho. Nampenda sana mwanamke huyu. Kesho nikipewa kipaza sauti nitamweka ukurasa wa tatu.

Jumapili, 15 Juni

Siku kubwa! Niandike kwa utaratibu.

Saa tano na nusu, sufuria jikoni. Mke wangu alipima maji mwenyewe, akangoja yachemke, akapunguza moto, akafunika, akaufungia mwiko kabatini na ufunguo akautia kifuani. Akaniambia niende mbali na sufuria hiyo. Nikaomba kuchungulia mara moja tu. Akasema hataki, hata kwa jicho moja.

Nikaenda bafuni kunyoa ndevu na kupitia hotuba. Mara ya mwisho, kidogokidogo. Lakini kile kioo, ile sauti inavyorudi kwenye vigae! Nilijisahau. Ukurasa wa nne nilipunga mikono. Ukurasa wa tisa, ule wa marehemu baba mkwe alivyonikagua viatu siku ya kwanza, sauti ilikatika kabisa. Nilipomaliza nikainama mbele ya kioo. Nikatazama saa. Dakika hamsini!

Nilitoka mbio, sabuni kidevuni, nikipiga kelele kwamba tumekwisha.

Jikoni alikuwa amesimama mama mkwe. Mkoba bado uko begani. Mkono mmoja kashika mfuniko, mwingine kijiko, mdomo umejaa, macho kafumba. Nikadhani anaumwa. Nikasema, Mama! Akafumbua macho, akameza taratibu, akatabasamu. Meno yote ya zambarau.

"Mwanangu," akasema, "nani kakufundisha?"

Niligeuka kumtafuta Meneja. Hakuwepo. Nyuma yangu ulikuwepo mlango tu. Mwanangu ni mimi!

Ilibidi nirudi bafuni nikamalizie kunyoa, maana machozi na sabuni havipatani.

Kumbe mke wangu aliwafungulia wageni, akazima moto dakika ya thelathini na tano, akauacha wali utulie. Punje moja moja, laini, unanukia kama njugu. Hivyo ndivyo wanavyosema wenye pua. Tulikula na samaki wa kukaanga. Meneja alivaa suti ya rangi ya maziwa na kuegemeza viwiko juu ya kitambaa changu cha meza, ambacho hakikuwa kimekauka. Alipoinua mikono kuomba chumvi, viwiko vyote vilikuwa zambarau. Nilimpa chumvi kwa heshima. Shemeji bi harusi akatupiga picha, tumekenua wote meno ya zambarau, na mama akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Miezi mitatu hatujamsikia akicheka. Alitaka sahani ya pili, mke wangu akamkazia macho kwa niaba ya daktari. Basi nikatazama dirishani muda kidogo, na niliporudisha macho sahani yangu ilikuwa imepungua. Nilikuwa na furaha mpaka kooni.

Kisha mama akagonga glasi. Moyo wangu nao ukagonga.

Akasema hotuba yangu ameshaisikia. Wameisikia wote, wakiwa wamesimama ukumbini na mikoba yao, kuanzia ukurasa wa tano. Akasema ni nzuri. Akasema pale pa viatu vya marehemu alilia na hakuona aibu. Akasema kwa hiyo hana haja ya kuisikia tena maishani mwake, ameshiba. Kipaza sauti achukue Meneja, dakika tatu, na akizidisha azimiwe umeme.

Nilifungua mdomo. Akaniwahi. Kazi ya heshima zaidi ni yangu, akasema: wali wa harusi. Wote mweusi. Watu mia tatu.

Meneja alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nikaona viwiko vyake, nikajisikia nafuu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka mtu mpya. Mpishi mkuu! Wiki hii imenifundisha mengi.

Kwanza, wali wangu ulifanikiwa kwa sababu ya macho yangu. Nimemweleza hivyo mke wangu, akaondoka kwenda shule bila kumaliza chai. Amebandika pakiti tupu kwenye mlango wa friji, niisome. Nimeibandua, inaharibu mlango.

Pili, watu mia tatu hawawezi kungojea dakika thelathini na tano. Moto mkubwa, dakika kumi na tano, mapipa manne. Kuhusu kukoroga, ninayo mashine ya kukorogea rangi, imelala tu stoo. Nitaiosha vizuri.

Tatu, na hili lilinijia nikiwa juu ya ngazi, nikipaka geti la yule mama wa dukani mkono wa pili. Karibu nianguke! Meneja ana kipaza sauti, sawa. Lakini watu wenye njaa humsikiliza nani? Mwenye upawa! Watu mia tatu watapanga foleni mbele yangu, sahani tupu mkononi, na hakuna atakayeondoka kabla sijampakulia. Nitapakua taratibu. Nimepiga hesabu: kila mgeni aya moja, anayefuata anaendelea kusikia pale mwenzake alipoachia. Mama mkwe nitamweka mwisho wa foleni, asimame tangu aya ya kwanza mpaka ya mwisho, asikose kurasa nne za kwanza, ambazo jana hakuzisikia.

Tatizo ni moja tu. Kurasa kumi na nne kwa watu mia tatu hazitatosha. Leo nimeandika tatu nyingine, na kesho sina kazi asubuhi.