Vita Vyangu na Fundi Cherehani

Jumatatu, 12 Mei
Likizo ya shule. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyojifunza jeshini, maana mke wangu hakisomi. Binti yetu Abalo, miaka kumi na mmoja, hali chakula bila kitabu mkononi. Sawa. Lakini anasoma na nani? Na Kasereka, fundi cherehani Mkongo, jirani yetu! Sura moja yeye, sura moja mtoto, barazani kwake, kila alasiri. Vicheko mpaka huku. Nani alimfundisha herufi kwa makopo ya maziwa? Mimi! Sajini Oola, mstaafu, sasa mlinzi wa usiku getini, hapa mtaani Kansanga. Nikimsogelea ananiambia, "Baba, niko nasoma." Tutaona.

Jumanne, 13 Mei
Nimerudi kutoka zamu alfajiri, wote wamelala. Nikachukua kitabu chao, nikaruka hadi sura ya mwisho. Mwizi wa ng'ombe ni mwalimu mkuu! Wakati wa chai nikasema, kama mtu anayewaza tu, kwamba mimi namshuku mwalimu mkuu. Nilitegemea sifa. Abalo akaangua kilio. Kumbe walikuwa sura ya nne. Jioni Kasereka akaja kunipa pole, eti hata yeye huwa hana subira. Pole! Adui ananipa pole!

Jumatano, 14 Mei
Hila mpya: kitabu changu mwenyewe. Nimenunua kinene kwa muuza vitabu vya mitumba, barabara ya Ggaba. Kwenye jalada, msichana na taa. Sura thelathini! Tukaketi, mimi na Abalo. Ndani: ufugaji wa nyuki. Mtu alikuwa amekibandika jalada la kitabu kingine. Mtoto ana adabu, akasema tuendelee. Malkia wa nyuki hutaga mayai... Nilipozinduka nilikuwa nimefunikwa shuka, na vicheko viko kwa jirani.

Alhamisi, 15 Mei
Nimempelekea Kasereka kazi ya haraka. Suruali zangu zote za nyumbani zipunguzwe kiuno. Mapazia yote yapindwe upya. Fundi mwenye kazi atasoma saa ngapi? Ushindi!
Saa kumi. Si ushindi. Yeye anashona, Abalo anamsomea, sura tatu mfululizo. Mke wangu anauliza kwa nini wapita njia wanatutazama tukila. Nimevaa leso yake.

Ijumaa, 16 Mei
Nilikwenda kudai suruali. Kwanza nikanyemelea ukutani. Wameanza kitabu kingine, cha wafanya magendo ziwani. Abalo alikuwa anasoma maneno ya afande wa forodha: "Simama hapo! Jitambulishe!" Sauti yangu! Ya getini, yenyewe kabisa. Kasereka akamuuliza kaitoa wapi.
"Kwa Baba. Yeye angesoma vizuri kuliko mimi. Ila Baba hapendi kusoma. Anapenda kushinda tu."
Nikageuka niondoke.
Kasereka akaona leso ikipepea kwenye kona. "Papa Abalo," akaita, "karibu. Afande wetu hana msomaji." Akasogeza kigoda, wala hakuuliza kuhusu leso. Abalo akaniwekea kitabu magotini, kidole chake kwenye mstari. Nikasoma. Muuza chapati ng'ambo ya barabara alinyoosha mikono juu!

Jumamosi, 17 Mei
Sura mbili leo. Abalo aliniegemea bega. Nimeelewa sasa: kusoma si mashindano. Sitalisahau hilo maisha yangu yote.
Tatizo ni Monique, mke wa Kasereka. Leo kapewa kuwa punda wa wafanya magendo. Punda hana hata neno moja! Analia tu. Abalo kamcheka punda mpaka machozi. Afande wangu kachekwa mara mbili tu, nimehesabu.
Kesho nitamwambia Monique, kwa nia njema kabisa, kwamba kulia kipunda kunaharibu koo, na kwamba inafaa apumzike ndani mwezi mmoja. Tangawizi nimeshanunua.