Godauni la Mbaraki na Mama Maswali

Jumatatu, 8 Julai 1996

Leo nimeamka na bahati. Mzee Chirau kaniita godauni kwake Mbaraki, kanikalisha juu ya gunia la mbata, kanipa habari. Kuna serikali ya ng'ambo inataka kuiuzia silaha nchi rafiki yake, huko bara la mbali. Mzigo utashukia hapa Mombasa na kulala siku chache kabla ya kusafirishwa. Utalala wapi? Kwa Mzee Chirau, inshallah!

Lakini kwao huko serikali haiuzi bunduki kama mtu auzavyo mahamri. Lazima iliarifu bunge kwanza, na bunge lina siku thelathini za kuuliza, kukagua, hata kukataa. Wabunge watatu washafika kuangalia njia ya mzigo. Keshokutwa wanakuja godauni.

Nikamwuliza Mzee mimi naingilia wapi. Akasema mimi ni dalali, nimeuza nyumba zisizo na paa, basi na godauni hili niliuze kwa maneno. Wageni wakiridhika, mimi ndiye meneja. Kazi ya kudumu! Ofisi! Kiti cha kuzunguka, nimekiona kwa macho yangu, bado kimefunikwa nailoni.

Nusura nimbusu mzee wa watu. Maana Mzee Hadi, babake Saadia, alitamka mbele ya watu kwamba posa yangu ataisikiliza siku nitakapokuwa na kazi inayojulikana mlango wake. Huu mwaka wa pili nangoja. Saadia anafundisha watoto wadogo pale Kuze, na akicheka hujifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nampenda. Basi, sina la kuongeza.

Jumanne, 9 Julai

Nimekuwa mkalimani! Kiingereza changu cha bandarini kimewatosha. Wabunge wawili ni wanaume, wamebabuka jua, hawasemi. Wa tatu ni mama mfupi wa miaka sitini hivi, viatu vya kamba, daftari mkononi. Jina lake halitamkiki. Mimi namwita Mama Maswali.

Chai haijapoa, keshaniuliza maswali kumi na manne. Mzigo ukishushwa nani anauhesabu? Nani anatia sahihi? Ukipungua, nani anajibu? Nikamwambia asitie shaka, wanunuzi wenyewe si ni marafiki? Akatabasamu, akasema adui hawamuuzii, basi wamwulize nani kama si rafiki? Lo! Ningekuwa na ulimi ule ningeiuza Fort Jesus mara mbili.

Akanieleza kwamba zamani, alipokuwa mgeni bungeni, alinyoosha mkono kupitisha mauzo kama haya bila kuuliza neno. Miaka miwili baadaye bunduki zile zikaonekana mikononi mwa watu ambao hawakutajwa kwenye karatasi yoyote. Alisema hayo akiangalia kikombe chake. Nilimhurumia, tena nikamheshimu.

Jioni dadangu Malak kaniletea jingine. Shangazi yake Saadia, Bi. Mejumaa, ameanza kuulizia. Posa inanukia! Kwetu mtu hapewi mke mpaka majirani waulizwe. Anaswali? Ana hasira? Alimtunzaje mamake? Basi nina wakaguzi wawili wiki moja, na dawa yao ni moja: kupanga mashahidi. Nimeshampanga Tsofa, muuza kahawa wa barazani kwetu. Atasema mimi mpole.

Wasiopangika ni wawili. Wa kwanza ni Dzoro, mlinzi wa godauni, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumliwaza mgonjwa. Wa pili ni Malak mwenyewe, anayejua kila kitu changu tangu nilipokuwa natambaa. Hao dawa yao ni feri. Wote nitawavusha Likoni, kila mmoja kwa siku yake.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi nimempa Dzoro barua ya haraka, aipeleke Likoni kwa Bwana Menza. Bwana Menza nimemzua mimi, lakini Likoni ni kubwa, atamtafuta mpaka jioni.

Ala! Kakataa kuondoka mpaka apatikane mtu wa kutia sahihi ya ufunguo. Ana daftari huyo! Kila aingiaye huandikwa jina, saa, alilotaka, na alichoacha. Hata paka wa jirani kaandikwa: kaingia saa nne, alitaka panya, hakuacha kitu. Nikatia sahihi, mradi aende.

Wageni nimeanza nao ufukweni, pale Mama Ngina. Hesabu yangu ilikuwa kwamba tumbo lililoshiba halikagui. Mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu, madafu juu yake. Wale wanaume walikula mpaka wakalegea. Mama Maswali akaniambia nimwulize mwenye mihogo mafuta yake ni ya lini. Na yule muuza mihogo, maskini ya Mungu, akasema ukweli: ya juzi! Mama Maswali akacheka, akamshukuru, akala.

Tukafika Mbaraki. Natia mkono mfukoni, ufunguo hamna! Umebaki kwenye benchi la mihogo. Jasho likanitoka, lakini mimi Ziad sifedheheki. Mlango wa ubavuni una kufuli linalofunguka kwa mpini wa kijiko, jambo hilo Mbaraki nzima inalijua. Nikaazima kijiko kwa muuza chai. Tak! Sikuhesabu hata mpaka tano. Nikawafungulia kwa heshima zote, karibuni, tafadhalini. Mama Maswali akaandika ukurasa mzima. Nadhani nilimvutia sana.

Akauliza funguo ziko ngapi. Nikasema mmoja tu, na unatunzwa kama mboni ya jicho. Pale pale mlango ukafanya giza. Dzoro! Barua mkononi! Kumbe hakuvuka. Aliuliza Feri nzima, wachuuzi na mabaharia, akaona hakuna amjuaye Menza, akaona ni israfu kuvuka.

Mama Maswali akaliomba daftari. Dzoro akafungua, akasoma. Funguo tatu. Mmoja anao Mzee Chirau, mmoja umepotea tangu mwaka wa tisini na moja, wa tatu kapewa Bw. Ziad saa mbili na dakika arobaini, sahihi hii hapa. Paa linavuja pembe ya mashariki. Kufuli la ubavuni ni la mapambo. Mama akamwuliza kama angekubali kulinda bunduki humu. Dzoro akasema la. Mbata ikiibwa, alisema, hulia mwenye mbata, lakini bunduki ikiibwa hulia mtu ambaye hata hajui iliibwa.

Mimi ndiye niliyetafsiri yote hayo. Neno kwa neno! Ningeweza kupunguza, ningeweza kupaka sukari, lakini yule mama alikuwa ananitazama usoni na ulimi ukaniasi. Akamshika Dzoro mkono kwa mikono yake miwili. Wallahi nusura na mimi nimshike.

Alhamisi, 11 Julai

Malak kavuka mapema. Nilimwambia mama mdogo wa Likoni anaumwa na mgongo. Mgongo wake mzima kama nguzo.

Saa nne Bi. Mejumaa akafika barazani. Tsofa hakungoja kuulizwa. Mpole huyu! Mpole sana! Mara tano, kwa sauti ya mnadani. Bi. Mejumaa akanywa kahawa yake taratibu, akauliza swali moja tu: na dadake yuko wapi? Tsofa akasema Likoni, maana hilo sikumpanga. Bi. Mejumaa akaliweka buibui lake sawa, akasimama, akaenda zake Feri.

Astaghfirullah! Nikamfuata kwa mbali. Nimesimama nyuma ya mkokoteni wa machungwa mpaka miguu ikafa ganzi. Adhuhuri akarudi na Malak, wanacheka. Na nani yuko kivukoni, daftari mkononi, anaangalia malori yanavyopanda feri? Mama Maswali!

Malak kasoma, Kiingereza chake kinapita changu. Akawakutanisha. Wakaketi kwa muuza viazi karai, saa nzima. Huyu anaeleza jinsi ya kukagua silaha, yule anaeleza jinsi ya kukagua mwanamume. Nilimsikia Bi. Mejumaa akisema usimwulize aliyekuja mbio kujibu, mwulize aliyepelekwa mbali. Mama Maswali akapiga goti lake kwa furaha, akaandika. Nilikuwa naangamia pale, najijua, na bado nilisema moyoni: mashaallah, akili hizo!

Ijumaa, 12 Julai

Baada ya swala Mzee Chirau kaniita. Wageni wanaondoka. Wameshasema watakalolipeleka bungeni kwao: mauzo yasimame mpaka hao marafiki waonyeshe nani atashika ufunguo tangu bandarini mpaka kwao, na daftari lake lionekane. Godauni letu hapana. Daftari la Dzoro, ndiyo. Mama Maswali kanakili kurasa nne zake kwa mkono, akawaonyeshe wenzake mfano.

Mzee alikuwa amevimba kwa fahari. Akasema miaka yote analidharau lile daftari, mpaka mgeni atoke ng'ambo kumwonyesha mali iliyo nyumbani kwake. Dzoro kafanywa meneja. Nailoni imetolewa, Dzoro kaketi. Kiti hakizungushi, amekaa tu wima kama yuko kanisani.

Na mimi? Msaidizi wa Dzoro. Kupanga magunia ya mbata. Nilitaka kukataa kwa hasira. Kisha nikakumbuka kwamba ni kazi, ina mlango, na mlango unajulikana. Nikasema hewala.

Mama Maswali kaniaga vizuri. Kasema tafsiri yangu ya Jumatano ilikuwa kazi ya uaminifu kuliko zote alizopata safari hii. Nimelia kidogo, nikasingizia pilipili.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeitwa kwa Mzee Hadi. Mzee kaketi, Bi. Mejumaa kaketi, pazia la ndani linatikisika. Nilijua nani yuko nyuma yake.

Bi. Mejumaa akaanza kuyataja aliyoambiwa na Malak juu yangu. Mwongo. Mvivu wa kufua. Tangu utotoni akivunja kikombe husema paka. Nikainamisha kichwa, nikaona mambo yamekwisha. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema Malak kamweleza pia kwamba mama yetu alipougua miezi mitatu, mimi ndiye niliyemwosha na kumlisha kwa kijiko mpaka Mungu alipomchukua, na sikumwambia mtu. Hilo, akasema, hakupangwa mtu kulisema.

Saadia katoa swali lake kupitia kwa shangaziye: kwa nini nimepeleka Likoni shahidi wa jambo langu jema kuliko yote? Mimi, Ziad, dalali, nikaanza kuhesabu nyuzi za mkeka!

Hukumu ikatoka. Siku thelathini, kama wabunge. Kila Jumamosi Bi. Mejumaa atapita Mbaraki kulisoma daftari la Dzoro. Zikipita bila hila, posa imekubaliwa. Ikionekana hila moja tu, nisikanyage tena mtaa ule.

Nimeapa. Hila basi. Nikitoka nilisikia kicheko kidogo nyuma ya pazia, kile cha ncha ya mtandio.

Jumatatu, 15 Julai

Siku ya kwanza kazini. Nimefika kabla ya kuku wa Mbaraki kushuka mtini, na akili yangu imefunguka. Wiki nzima nimeona kwa macho yangu kwamba ukweli ndio unaoshinda. Basi kosa langu lilikuwa kupanga mashahidi waongo! Anayetakiwa ni shahidi mkweli. Na nani mkweli kumshinda Dzoro?

Nimemwandikia kwenye karatasi kasoro zangu tatu ndogo ndogo, nimezichagua mwenyewe: nakoroma, napenda sukari nyingi, nasahau mwavuli. Jumamosi Bi. Mejumaa akija, azitaje polepole, kama mtu anayesitasita. Kidogo akune shingo.

Dzoro kanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha kachukua kalamu, kaandika: saa kumi na mbili na dakika kumi, kaingia Bw. Ziad. Alitaka nimsemee kwa Bi. Mejumaa kasoro tatu alizozichagua yeye. Aliacha karatasi moja. Na karatasi yenyewe kaibana papo hapo kwa pini.

Mtu mwangalifu mno, Dzoro! Nimemwomba aipigie mstari ile saa, Bi. Mejumaa aone nilivyofika mapema.