Chumba cha Tatu

Jumatatu, 4 Septemba
Swali ninalopambana nalo kwa miaka ishirini na miwili, darasani na nyumbani, ni hili: mtu akichagua nilichotaka achague, je, amechagua? Leo limeacha kuwa swali la darasani. Binti yetu amepata nafasi katika chuo ninakofundisha masoko, na Ijumaa lazima arudishe fomu ya makazi. Ama abaki nyumbani, ama ahamie bweni na rafiki zake. Nataka abaki. Kumwambia hivyo kungekuwa kumshinikiza. Nitatumia chambo: chaguo la tatu, baya makusudi, litakalolifanya langu ling'ae. Nimeandika makala mbili kuhusu chambo. Zote zimenukuliwa, moja na mtu nisiyemfahamu.

Jumanne, 5 Septemba
Chambo kimepatikana. Chumba cha nyuma kwa wifi yangu, fundi cherehani. Mabasi mawili kutoka chuoni. Bomba hutoa maji linapojisikia. Cherehani huanza kunguruma kabla ya jua, na mdomo wa wifi kabla ya cherehani. Wakati wa chakula nilikitaja kana kwamba kimeniponyoka tu. Mume wangu akasema hapana, nyumbani ni nyumbani. Nikaona mbinu inafanya kazi. Kwamba yeye hahami popote, nililikumbuka baadaye. Binti aliuliza kama chumba kina dirisha. Nikajibu kinalo, dogo, linatazama ukuta. Ule ukuta niliuonea fahari.

Jumatano, 6 Septemba
Nilimsimulia jirani yangu wa ofisi, profesa wa takwimu, ambaye hajapata kukubaliana nami juu ya lolote. Alisema mtu mmoja si sampuli, na kwamba ningemwuliza mwanangu tu ningeokoa siku nne. Nikamweleza kuwa majibu ya ana kwa ana hayaaminiki. Watu husema wanachodhani unataka kukisikia. Akasema, basi si ndicho unachokitafuta, mama? Nilifunga mlango wangu, taratibu, kwa heshima ya taaluma.

Alhamisi, 7 Septemba
Binti alikwenda kukiona chumba. Nilimhimiza mwenyewe, chambo huzidi ubaya kikitazamwa kwa karibu. Alirudi akiwa na gauni lililopunguzwa kiuno na uso mkunjufu. Alisema shangazi yake hakuzunguka: mwanangu, nakutaka hapa, nimechoka kuongea na cherehani, ila ukitoka uzime taa. Nikamwuliza, kwa kipimo cha moja hadi tano, ameridhika kiasi gani. Akasema, mama, mimi si mteja wako.

Ijumaa, 8 Septemba
Fomu imerudishwa. Anakwenda kwa shangazi. Wifi alipiga simu kunishukuru kwa kumtangazia chumba. Alisema miaka yote anasikia kuwa mimi ni msomi, leo ameonja matunda ya usomi huo. Alisema bila kucheka, jambo ambalo kwake ni kucheka sana.
Binti alipokuwa akikunja mashuka aliniambia kwamba tangu Jumapili alikuwa ameshaandika "nyumbani", kwa penseli. Nilipoanza kumtajia vyumba vya watu, akadhani nataka aondoke ila naona haya kumwambia. Nilikaa kitandani pake. Sikuwa na makala juu ya jambo hili.

Jumapili, 10 Septemba
Alihama jana. Najua kilichobaki kusemwa: nataka urudi. Maneno mawili. Nisichokijua ni kama nikiyasema sasa yatakuwa ukweli au tangazo. Nimetumia umri wangu kuyafanya hayo mawili yafanane, na huenda ndiyo sababu swali langu halina jibu, angalau kwangu mimi.
Niliyaandika kwenye simu hata hivyo. Kisha nikaandika toleo la pili, lenye ucheshi kidogo. Si busara kutuma bila kujaribu. La ucheshi nimempelekea mume wangu, lile la maneno mawili profesa wa takwimu. Mume wangu, aliyeko sebuleni, hajajibu. Profesa amejibu papo hapo: anauliza yeye arudi wapi. Nimerekodi mwitikio wa asilimia hamsini, ambao si haba.
Ujumbe wa binti bado ni rasimu.